Msiba Usio na Tarehe

Oktoba 1933, mjini Canberra, ilioneshwa kwa mara ya kwanza filamu iitwayo Two Minutes Silence. Walioitengeneza walikuwa wanawake watatu wa Sydney, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Ilisimulia habari za watu wanne wanaonyamaza kwa dakika mbili siku ya kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, kila mmoja akirudi kimoyomoyo kwenye yale ambayo vita vilimfanyia. Filamu hiyo haipo tena. Hakuna nakala yake inayojulikana kuwa imebaki popote duniani, na hakuna awezaye kusema ilitoweka siku gani. Nimeishi Sydney miaka mingi. Nimezika watu hapa, na nimepokea simu za misiba ya nyumbani usiku wa manane. Lakini upotevu huu wa watu nisiowajua umenikaa moyoni kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu hauna siku yake.

Sisi watu wa pwani msiba tunaujua kwa siku zake. Kuna siku ya maziko, kuna siku za matanga, kuna khitma, kuna arubaini, na mjane ana eda yake inayohesabika. Siku hizo hutushika mkono tukavuka. Ukiulizwa marehemu alifariki lini unajibu bila kufikiri, na yule aliyekuuliza anajua akupe pole ya namna gani. Two Minutes Silence haikupata hata siku moja ya aina hiyo. Ilioneshwa, ikazunguka kidogo, ikawekwa mahali, na katika mwaka mmojawapo nakala ya mwisho ikaisha. Pengine hata aliyeitupa hakujua kwamba ndiyo ya mwisho.

Wanawake hao ni Isabel, Phyllis na Paulette McDonagh, waliozaliwa Sydney mwaka 1899, 1900 na 1901. Baba yao alikuwa daktari wa upasuaji aliyewatibu waigizaji wa kampuni kubwa ya michezo ya jukwaani, kwa hiyo watoto walikua wakiona watu wa jukwaani kama wageni wa kawaida wa nyumbani. Walipoamua kutengeneza filamu waligawana kazi kama ndugu wanavyogawana kazi za shughuli: Paulette aliandika na kuongoza, Phyllis akapamba vyumba, akashika fedha na matangazo, na Isabel akasimama mbele ya kamera kwa jina la Marie Lorraine. Walifanya hivyo katika miaka ya 1920, wakati mwanamke mmoja kuongoza filamu lilikuwa jambo la nadra popote duniani, sembuse ndugu watatu kuishika kazi nzima.

Shule yao ilikuwa Hollywood, ingawa masomo waliyapatia kwenye viti vya sinema za Sydney. Picha za Marekani zilikuwa zimejaa kila ukumbi wa mji huu. Paulette aliingia kuangalia filamu ileile mara nyingi, mpaka hadithi ikaacha kumshughulisha na akabaki anaangalia kazi yenyewe: kamera imesogezwa lini, uso umeachwa kwa muda gani, mlango umefunguliwa upande gani. Namfahamu mtu wa aina hiyo. Katika kila mtaa wa Tanga, Mombasa na Unguja alikuwapo kijana aliyeweza kukusimulia picha nzima, steringi kafanya hivi, adui kamjibu hivi, pamoja na mahali muziki ulipopanda. Tofauti ni kwamba Paulette alipotoka ukumbini alikwenda kutafuta kamera.

Na walichokitengeneza ni zile tamthilia za familia na mapenzi ya hatari ambazo Hollywood ilizipenda, na ambazo sisi hatuhitaji kufasiriwa. Katika Those Who Love, ya mwaka 1926, kijana wa nyumba yenye jina anampenda mcheza dansi, baba hataki, na kijana anaondoka kwao. Inasimuliwa kwamba gavana wa New South Wales, Sir Dudley de Chair, aliiangalia akatokwa na machozi. Katika The Far Paradise, ya 1928, binti anarudi kutoka shule ya bweni na kukuta baba yake ni mhalifu, huku kijana aliyempenda ni mtoto wa mwanasheria mkuu anayemtafuta baba huyohuyo. Katika The Cheaters, ya 1930, mzee mmoja aliyefungwa jela anaapa kulipiza kisasi kwa tajiri aliyemfungisha, analea binti katika wizi na utapeli, na binti anampenda kijana wa nyumba ileile inayotakiwa kuangamizwa.

Ukiziweka pamoja unaona kwamba katika zote tatu baba ndiye amesimama mlangoni. Anaweza kuwa wakili mwenye heshima au mwizi, lakini hakuna penzi linalopita bila kumgusa. Akina McDonagh walikuwa wameshamzika baba yao walipoanza kazi hii. Waliandika wazee wakali, wazee waliopotoka, wazee wanaorudiana na watoto wao dakika za mwisho, na waliwapiga picha wazee hao katika vyumba vya nyumba yao wenyewe.

Nyumba hiyo ilikuwa Drummoyne House, jumba la miaka ya 1850 kando ya Mto Parramatta, magharibi ya mji. Hawakuwa na fedha za kujenga studio kama za Hollywood, kwa hiyo walipanga taa sebuleni kwao. Viti, mapazia, meza na ngazi unazoziona ni vitu vya familia. Leo ukipanda boti ya abiria kutoka Circular Quay utashuka Drummoyne baada ya muda mfupi, upande mlima mdogo, upite majumba ya ghorofa yenye vibaraza vinavyotazama maji. Jumba lenyewe lilibomolewa mwaka 1971. Nimekwenda kuzunguka mitaa ile mchana wa siku ya kazi, nikaona watu wanaanika nguo, mtoto anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu, na mto unaong'aa kati ya nyumba na nyumba. Hakuna kinachokuambia kwamba hapa mwanamke mmoja aliwahi kumwambia dada yake arudi tena mlangoni na kuingia polepole zaidi.

Lakini vyumba vile havikwisha kabisa. The Cheaters ipo, The Far Paradise ipo, zimetunzwa katika Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia, na ndani yake mna mwanga wa sebule ya Drummoyne ukianguka juu ya uso wa Isabel. Ana macho makubwa yasiyo na haraka. Waigizaji wengi wa filamu zisizo na sauti walipunga mikono na kujishika kifua ili mtu wa kiti cha nyuma aelewe. Isabel anatulia, anaiacha kamera imfuate, na unamwona akiwaza. Katika kazi yote ya dada hawa, utulivu huo ndio ninaoupenda kuliko mengine. Those Who Love imebaki vipandevipande tu. Kwa hiyo mtu anaweza kuukuta mlango ule ukifunguliwa, asijue aliyeingia alikuja kusema nini.

Kilichowaangusha kilikuwa sauti. The Jazz Singer ilifika Sydney siku za mwisho za Desemba 1928, na kumbi zikaanza kubadilisha mitambo. Mwaka 1929, ukumbi wa State Theatre wa Market Street ulipofunguliwa kwa marumaru na taa za vioo, watu walikuwa wameshaanza kudai kusikia. The Cheaters ilikuwa imetengenezwa bila sauti. Serikali ilikuwa imetangaza mashindano ya filamu za Australia, kwa hiyo dada hao wakaongeza sehemu za mazungumzo na muziki kwenye sahani za santuri, haraka na kwa gharama kubwa, na siku ya kuoneshwa sauti na picha hazikwenda pamoja. Zawadi haikupatikana. Nikiwaza jioni ile huwa nasikia uchungu, maana filamu nzuri ilihukumiwa kwa kitu ilichovalishwa mlangoni.

Baadaye walitengeneza filamu fupi za mambo halisi, mojawapo kuhusu farasi wa mbio Phar Lap na nyingine kuhusu mcheza kriketi Don Bradman. Kisha ikaja Two Minutes Silence, iliyotokana na tamthilia ya Leslie Haylen ya kupinga vita, na iliyokuwa ya sauti tangu mwanzo. Nchi ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi, na watu wasio na kazi hawakutaka kulipa kiingilio waende kukumbushwa mazishi. Dada hao wakatawanyika. Isabel aliolewa, na maisha yake yakaishia London. Phyllis akawa mwandishi wa habari, kwanza New Zealand. Paulette alibaki Sydney na miswada isiyopata fedha. Hawakutengeneza filamu nyingine ya hadithi.

Filamu za wakati ule zilikuwa juu ya ukanda wa nitrati, ambao kikemia ni ndugu wa baruti. Ukishika moto unajitolea oksijeni wenyewe, hata ukiuzamisha majini unaendelea kuwaka. Usipowaka, unaoza. Kwanza picha inafifia, kisha ukanda unanata, unatoa povu, unageuka rangi kama asali iliyoungua, na mwisho unakuwa unga wa kahawia unaomwagika kutoka kwenye kopo. Kodak iliacha kuutengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo wenye maghala waliogopa moto, na ndani ya ukanda mlikuwa na fedha, yaani madini, iliyoweza kuyeyushwa na kuuzwa. Picha ikishamaliza mzunguko wake haikuwa na thamani kwa mwenyewe. Utafiti wa David Pierce uliotolewa na Maktaba ya Bunge ya Marekani mwaka 2013 ulihesabu karibu filamu 11,000 ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, ukakuta asilimia 14 tu ndizo zilizobaki katika hali yake ya awali. Hollywood yenyewe, pamoja na utajiri wake wote, iliacha hazina yake ikawa unga. Na baadhi ya zilizopona ziliponea huku kwetu kusini, mwisho wa njia, ambako gharama ya kuzirudisha ilikuwa kubwa kuliko faida. Upstream ya John Ford, ya 1927, ilikuwa imehesabiwa kuwa imepotea mpaka ilipotangazwa mwaka 2010 kwamba imeonekana New Zealand.

Hapa lazima niseme habari ya mama yangu, kwa sababu bila yeye nisingeelewa nilichopoteza katika filamu ambayo sikuwahi kuiona.

Mama alikuwa Tanga, mimi Sydney. Simu ilikuwa ghali, kuandika barua hakupenda, kwa hiyo alikuwa akinirekodia kaseti na kumpa mtu anayesafiri. Katika kaseti moja anaanza na salamu za mtaa mzima, jina kwa jina. Katikati anasikika akifukuza kuku jikoni na kumwambia mtoto wa jirani afunge mlango. Kisha anashusha sauti na kuingia kwenye jambo lililomfanya arekodi: binti wa mjomba anataka kuolewa na mtu ambaye ukoo haumtaki. Anaeleza upande wa baba mtu, na sauti yake inakuwa nzito kama ya kiume. Anaeleza upande wa binti, na unasikia kwamba moyo wake uko huko. Anafika pale ambapo baba kasimama mlangoni na binti kashika mkoba, na upande wa kwanza wa kaseti unakwisha.

Upande wa pili sasa ni mvumo mtupu. Mwisho wa kisa naujua, wote tunaujua. Binti aliolewa na mtu wake, wana watoto na wajukuu, na mjomba alikufa akiwa na mkwe huyo kando ya kitanda chake. Ninachokikosa ni namna mama alivyokisimulia: wapi alipumzika, wapi alicheka, neno gani alimpa binti wakati wa kumjibu baba yake. Mama alifariki siku ninayoijua, saa ninayoijua, na tukamsomea. Siku ambayo sauti yake ilitoka kwenye ule upande wa pili siijui wala sitaijua, na siku hiyo hatukumlilia.

Ndivyo ilivyo kwa Two Minutes Silence. Kisa chake kimeandikwa, waigizaji wanajulikana, magazeti ya wakati ule yaliisema. Kilichokwenda ni namna. Isabel alikuwamo, na humo alikuwa akizungumza. Mimi nina sauti ya mama isiyo na uso, na Australia ina uso wa Isabel akiwa kimya. Picha ambayo ndugu hao waliikusudia tangu mwanzo iwe na uso na sauti yake pamoja, ndiyo iliyokwenda.

Mwaka 1978 dada hao walipewa Tuzo ya Raymond Longford, heshima kubwa ya watu wa filamu wa Australia. Longford mwenyewe, aliyeongoza The Sentimental Bloke mwaka 1919, alimaliza maisha yake ya kazi akiwa mlinzi wa usiku kwenye gati za Sydney. Mwaka huohuo wa 1978 Paulette alifariki, na Phyllis akamfuata kabla mwaka haujaisha. Isabel alifariki 1982. Nafurahi kwamba heshima iliwakuta. Lakini heshima hiyo iliwakuta wazee ambao sehemu ya kazi yao ilikuwa imeshakwisha wakiwa hai, na kumpoteza mtoto kabla yako si jambo ambalo tuzo inaweza kulifidia.

Nasi tunazo zetu. Mwaka 1952 Tanganyika ilikuwa na filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na steringi wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Nimewauliza watu wa rika langu hapa Sydney, Watanzania kwa Wakenya kwa Wakongo, tukiwa kwenye harusi na kwenye matanga: kila mtu anamjua Kawawa wa siasa, na sijakutana na aliyemwona Kawawa akiigiza. Wale waliokuwa vijana wakakaa kwenye viti na kumshangilia wamebaki wachache mno, na hakuna anayekwenda kuwauliza.

Mwaka 2015 hifadhi ileile inayotunza uso wa Isabel ilitoa onyo kwa Australia nzima, kwamba kanda za sumaku, za sauti na za video, ambazo hazitakuwa zimenakiliwa kidijitali ifikapo 2025 kwa sehemu kubwa zitapotea, kwa sababu kanda zinachakaa, mashine za kuzichezea zinaisha na mafundi wanaozijua wanastaafu. Mwaka wenyewe umeshafika. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza mashine za VHS, iliacha Julai 2016.

Kwa hiyo nasema na wewe unayesoma hapa Blacktown au Auburn, na wewe uliye Muscat, Mombasa au Bukavu. Ile harusi ya shangazi iliyo kwenye VHS kabatini, zile kaseti za mama zilizofungwa kwa mpira ndani ya mfuko wa plastiki, zitoe wiki hii. Usiijaribu kanda kwenye redio mbovu. Mtafute fundi mwenye mashine safi, anakili upande wa kwanza na wa pili, kisha wagawie ndugu nakala ili zisibaki kwa mtu mmoja. Na kabla hujafunga kabati, kaa na mkubwa aliye hai akutajie majina ya wanaosikika na wanaoonekana, uyaandike pamoja na mwaka.